Sekunde thelathini na nane



Najua nimepotea. Kuna walionitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo: mwaka wa tatu, upimaji ardhi, chumba kile kile, na mwenzangu wa chumba ni yule yule anayekoroma kama jenereta. Kilichonipoteza ni mtungi wa chuma nilionunua Gerezani. Leo nitawasimulia habari zake tangu mwanzo, pamoja na jambo moja ambalo linanikosesha usingizi. Hilo nitalifikia, msinikimbize.

Ilikuwa wiki ile bumu lilipoingia. Nilikwenda Gerezani kutafuta betri ya laptop. Nikipita kwenye banda moja la chuma chakavu, katikati ya feni zilizokufa na vichwa vya cherehani, nikaona kitu cha kijani kilichopauka, umbo la kengele, kina mkanda wa kubebea. Moyo ukapiga paa! Picha ya kengele ile ipo kwenye slaidi zetu za mwaka wa kwanza. Nikajikaza nisionyeshe furaha, nikamwuliza muuzaji, "Bro, hii nini?" Akasema mtungi wa gesi wa zamani, wa jeshi. Akautupa kwenye mizani, maana yeye anauza kwa kilo. Tukavutana weee, tukaishia elfu arobaini na tano.

Hosteli nikafungua vishikizo vya pembeni, nikanyanyua kengele. Ndani, imekaa kwenye kitako chake kama malkia, theodolaiti ya Wild T2.

Mwenzangu wa chumba akaangalia, akatikisa kichwa. "Umechukua hela ya msosi wa wiki tatu ukanunua darubini ya babu?" Nikacheka, lakini wiki ya pili ya kula chipsi kavu sikucheka tena.

Kwa wale wa Sheria na Uhasibu: theodolaiti ni darubini ndogo iliyofungwa juu ya duara lenye mistari ya nyuzi. Unalenga alama moja, unasoma duara. Unageuka unalenga alama ya pili, unasoma tena. Tofauti ndiyo pembe. Ni hivyo tu. Ugumu wote uko kwenye kusoma duara. Mwaka 1787 fundi wa Uingereza, Jesse Ramsden, alikamilisha theodolaiti yenye duara la kipenyo cha karibu sentimita 90. Chombo kizima kilikuwa na uzito wa kama kilo 90. Fikiria kukipandisha mlimani! Duara kubwa lilitakiwa kwa sababu mistari ikisogeleana mno jicho haliwezi kuitenganisha.

Halafu akaja Mswisi mmoja, Heinrich Wild. Inasimuliwa kwamba mwaka 1902 alikuwa anapima milimani, kwenye vilele vya Dents du Midi, dhoruba ikamkuta kabla hajamaliza kuandaa chombo chake, akashuka bila kupima kitu. Akaapa atatengeneza chombo ambacho hakimchukui mtu nusu siku kukiandaa. Mwaka 1921 kiwanda chake kikaanzishwa kijijini Heerbrugg, na katika miaka hiyo ya 1920 T2 ikazaliwa: duara la kioo badala ya shaba, kipenyo kama sentimita 9, unabeba mgongoni, na bado unasoma hadi sekunde moja ya nyuzi.

Sasa hapa tulieni kidogo, nilikaa na kikokotoo nikashangaa mwenyewe. Duara la sentimita 9 lina nusu kipenyo cha milimita 45. Sekunde moja kwenye ukingo wake ni milimita 0.0002 na ushee. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo mara mia tatu hivi. Na chombo hiki kilitengenezwa kusoma kiasi hicho bila betri, bila kompyuta, kwa mwanga wa jua unaoingia kupitia kioo kidogo cha pembeni.

Siku hizi hatupimi nacho. Tuna totali stesheni na vipokezi vya setilaiti, unabonyeza, namba inakuja. Lakini ramani zetu zimesimama juu ya kazi ya vyombo vya ukoo huu. Ule mfumo wa Arc 1960 unaotutesa darasani ulitokana na mnyororo wa pembetatu uliofuata longitudo ya 30 Mashariki kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Kipande cha Tanganyika kilipimwa 1931 hadi 1933, na pengo la mwisho likazibwa 1954. Watu walipanda mlima, wakalenga mlima mwingine, wakasoma duara, wakaandika kwenye daftari. Kwa penseli.

Haya, turudi chumbani.

Chombo changu kilikuwa mgonjwa kweli kweli. Skrubu tatu za kusawazishia hazizunguki, grisi ya zamani imekuwa kama ulimbo. Darubini unaona ukungu mtupu. Nikaangaza kwa tochi ya simu: kuvu! Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, zimetambaa kwenye lenzi ya mbele. Hewa ya Dar ina unyevu, na chombo kilichofungwa gizani kwenye unyevu kinageuka shamba la kuvu.

Nikaanza taratibu. Mafuta ya taa tone moja moja kwenye skrubu, siku nne, zikaachia. Lenzi nikazitoa moja moja, kila moja nikiipiga picha na kuchora mshale wa penseli kuonyesha upande uliotazama mbele, kisha spiriti na pamba, unafuta kutoka katikati kwenda nje, pamba ikigusa mara moja unatupa. Skrubu nikazipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo na namba yake. Kuvu likatoka, ila lenzi moja imebaki na kovu. Kumbe kuvu hutoa asidi inayokula kioo chenyewe, ukichelewa hakuna dawa.

Kufikia hapo nikajiona fundi. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Upande wa kulia wa T2 kuna kitufe cha maikromita, ndicho kinachokusomea dakika na sekunde. Changu kilikuwa kizito. Nikafungua kifuniko, nikalegeza skrubu moja ya kijigurudumu cha meno. Sikupiga picha. Sikuweka alama. Ilikuwa saa saba usiku na nilikuwa na haraka. Kitu kikateleza ndani, "tik", kama mtu anayevunja kidole. Nilipofunga na kuchungulia, mistari haikukutana tena pale inapotakiwa kukutana.

Sikulala. Kitabu cha kutumia T2 unakipata, lakini cha kuitengeneza kwa ndani sikukipata popote. Ikabidi nifanye kinyume: nianze na chombo, nitafute mawazo ya aliyekitengeneza. Nikachukua tochi na karatasi nyeusi yenye tundu la pini, nikaanza kuufuata mwanga. Unaingia kwenye kioo cha pembeni, unapinda kwenye prizimu, unapita kwenye duara la kioo upande mmoja, kisha unapelekwa upande wa pili kabisa wa duara lile lile, halafu picha zote mbili zinapanda pamoja hadi kwenye hadubini ndogo iliyo kando ya darubini. Ndiyo maana ukichungulia unaona safu mbili za mistari, moja imepinduliwa juu ya nyingine.

Kwa nini pande mbili? Niliwahi kulijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata maksi zote, na nilikuwa sijalielewa. Hakuna fundi duniani anayeweza kuweka duara katikati sawasawa. Likikosea kwa milimita 0.01 tu, namba ya upande mmoja inaweza kuzidi kwa sekunde 46. Lakini kosa lile lile linaufanya upande wa pili upungue kwa sekunde 46. Ukizikutanisha pande zote mbili na kusoma mahali zilipokutana, kosa linajifuta lenyewe.

Na kinachozikutanisha ni vipande viwili vya kioo bapa. Kioo bapa kikiinama kidogo, mwanga unaopita unasogea pembeni bila kubadili mwelekeo. Kioo cha milimita 6 kikiinama nyuzi moja kinasogeza picha kama milimita 0.035, yaani mwendo mkubwa wa mkono unakuwa mwendo mdogo mno wa picha. Vioo viwili vinainama kwa pamoja, kimoja huku kingine kule. Changu kimoja kilikuwa kimetangulia mwenzake kwa jino moja la gurudumu. Tatizo nimelijua, kulirudisha nikashindwa. Wiki mbili nzima.

Fundi wa maabara akanionea huruma. Akaniambia yupo mzee Kimara, amestaafu zamani, alitengeneza vyombo hivi zaidi ya miaka thelathini. "Ila," akasema, "siku hizi haoni vizuri."

Jumamosi nikapanda daladala na kengele yangu mapajani. Konda akanitoza nauli ya mzigo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mgonjwa?"

Presha ya macho imemchukua jicho moja lote na la pili linaona kivuli tu. Nikamwekea chombo mezani. Akakipapasa kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Akazungusha skrubu za chini, akaitikia kwa kichwa. Akazungusha maikromita, akasimama.

"Hapa umefungua."

"Ndiyo mzee."

"Uliweka alama?"

"Hapana mzee."

Kimya. Mjukuu wake akaleta chai. Mzee akanywa nusu kikombe ndipo akasema, "Haya. Anayefungua bila alama anaanza upya. Macho yatakuwa yako, vidole vyangu."

Tulichukua Jumamosi tatu. Yeye anashika bisibisi, mimi nachungulia na kusema "bado... bado... imepita, rudisha." Kila tukipumzika ananipa hadithi. Aliniambia pimamaji za zamani zaidi zilikuwa na nyuzi za msalaba za utando wa buibui, kwamba ujana wake alikuwa anamtafuta buibui nyuma ya stoo, anauzungusha utando kwenye uma wa waya, anaubandika kwa vanishi akiwa amebana pumzi. T2 msalaba wake umechorwa kwenye kioo. "Ninyi mmerahisishiwa," akasema.

Jumamosi ya tatu mistari ikakutana kwenye sifuri. Nikaruka! Mzee akaniambia nipeleke maikromita hadi mwisho, kwenye dakika 10, mistari inatakiwa ikutane tena. Ikakutana kwenye dakika 9 na sekunde 48.

"Tunarekebisha tena?" nikauliza.

"Hapana. Ya kuhangaika na hiyo inataka mashine tusizonazo, tutaharibu zaidi. Andika. Kila dakika moja ongeza sekunde 1.2. Kosa ukilijua si kosa tena, ni hesabu."

Sikulipa uzito neno hilo siku ile.

Jaribio likawa wiki iliyofuata, kwenye uwanja nyuma ya hosteli. Misumari mitatu ardhini, umbali wa mita 70 hadi 90 kati ya mmoja na mwingine. Pembetatu. Kila mtoto wa darasa la sita anajua ndani ya pembetatu mna nyuzi 180, kwa hiyo ni mtihani ambao majibu yake yapo tayari. Mzee alikuja kwa bajaji, akakaa chini ya mwembe. Mimi nalenga kwa uso wa kushoto, napindua darubini, nalenga kwa uso wa kulia, natafuta wastani, natoa marekebisho, namsomea kwa sauti. Yeye anajumlisha kichwani.

Kituo cha kwanza: 58°14'22". Cha pili: 59°04'31".

Kabla sijafika cha tatu nilikuwa nimeshapiga hesabu. Ili pembetatu ifunge, nilitakiwa nipate 62°41'07". Nikalenga, nikasoma, nikarudia. 62°41'45".

Sekunde 38 zaidi.

Wadau, nilisimama pale na jicho kwenye hadubini kama dakika nzima. Miezi miwili ya kazi. Chipsi kavu. Jumamosi za mzee wa watu. Na mzee haoni. Ningesema "arobaini na moja, kumi na mbili", angefurahi, angerudi Kimara na furaha yake, hakuna mtu ambaye angejua. Na mdomo wangu unajua kabisa kusema hivyo, maana si mara ya kwanza.

Sasa lile jambo.

Mwaka wa pili, mafunzo ya vitendo, kundi letu la watu watano tulipima mzunguko wa vituo sita. Haukufunga. Tulikosea kwa dakika 2 na sekunde 40, na kukusanya kazi ni kesho asubuhi. Usiku ule tulikaa kwenye korido tukapika. Mnajua wenyewe inavyopikwa: sekunde 25 huku, 30 kule, unanakili kwenye daftari safi kwa mwandiko wa haraka haraka ili lionekane la uwanjani. Penseli niliishika mimi. Tukapata A. Tukacheka sana.

Muhula uliopita kundi la mwaka wa pili lilipewa vituo vyetu kama mahali pa kuanzia. Siku mbili nzima juani kazi yao haikukubali. Wakaambiwa labda totali stesheni yao ni mbovu, wakaenda kubadilisha, wakarudia. Nilipita pale. Niliwaona. Dada mmoja alikuwa amekaa kwenye kivuli cha miguu ya chombo analia. Nikapita zangu kwenda kantini.

Basi pale uwanjani nikatoa jicho kwenye hadubini, nikasema, "Sitini na mbili, arobaini na moja, arobaini na tano."

Mzee akajumlisha. "Thelathini na nane zimezidi." Akatabasamu! "Vizuri. Umenisomea kweli."

"Umejuaje mzee?"

"Ya kupikwa haiji na thelathini na nane. Ya kupikwa inakuja na mbili, na tatu. Miaka yote niliyokaa karakana, vyombo vilivyoletwa kwangu vikisingiziwa ubovu vilikuwa vingi kuliko vibovu. Sasa tuna pa kuanzia. Lete chubwi."

Tukahamia kwenye korido ambako hakuna upepo. Tukaning'iniza chubwi chini ya chombo, tukalinganisha na ile darubini ndogo inayotazama chini, inayokuonyesha kama umesimama juu ya msumari. Zilitofautiana kwa milimita 9! Yaani kila kituo nilikuwa nimesimama pembeni ya alama nikijiona nipo katikati. Milimita 9 kwenye mita 80 ni sekunde 23. Tukairekebisha kwa skrubu zake ndogo, na Jumamosi iliyofuata nikarudia pembetatu ile ile. Kosa: sekunde 11. Nikamsomea 11. Akasema kwa misumari ile na mikono yangu ya kitoto, 11 ni halali.

Kama ningempikia zile 38, zile milimita 9 zingekaa humo milele.

Kabla hajaondoka aliniagiza kitu. Ndani ya kengele nibandike karatasi, niandike makosa yote ya chombo: maikromita inapunguza kiasi gani, lenzi ipi ina kovu, tarehe tuliyorekebisha. "Atakayekifungua baada yako akute ukweli." Nimebandika. Nimeweka na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, nimekusanya kutoka kwenye maboksi ya viatu ya hosteli nzima, kuvu lisirudi.

Halafu nikakaa kitandani naitazama ile karatasi. Chombo cha chuma chakavu kina karatasi ya makosa yake. Vituo vyetu sita havina.

Ule ukurasa wa penseli wa uwanjani, wa kweli, ninao bado. Sijui kwa nini sikuuchana. Nimewaambia wenzangu wanne. Wawili wamekubali, mmoja kanyamaza, mmoja kaninunia na kuniuliza kama mzee wa Kimara ndiye atakayenilipia mwaka nikirudia. Nimemwelewa, na mimi naogopa. Sapu yenyewe naiogopa, sembuse zaidi ya sapu. Ila Jumatatu saa nne nakwenda ofisini kwa mwalimu na ukurasa ule, nitasema penseli ilikuwa yangu. Na yule dada wa mwaka wa pili nimeshamtafuta. Nilimwambia chombo chao kilikuwa kizima. Aliniangalia tu, akaondoka. Ana haki.

Ni hayo kwa leo. Anayetaka kuchungulia T2 aje chumbani, jioni mwanga unaingia vizuri dirishani. Duara la kioo haligusi mtu, na kitufe cha maikromita nitazungusha mwenyewe.

Jumatatu ikipita, nitawaambia ilivyokuwa.